Fremu za Mninga Zilizohamia Mpuguso

Mninga uliokaa ukutani miaka mingi ukiupitishia msumeno, hutoa harufu ileile ya siku ulipopasuliwa. Sikulijua hilo mpaka juzi nilipokwenda Mpuguso kwa watoto wa marehemu baba mkubwa Asegelile. Gwakisa, mtoto wake wa mwisho, alinipigia simu asubuhi.

"Shikamoo dada Sekela. Tunabadilisha madirisha hapa kwa mzee. Tunaweka ya aluminiamu."

"Marahaba. Sasa mimi nije kufanya nini, kukoroga saruji?"

Akacheka. "Dada, si unajua mwenyewe. Zile fremu. Nimeona nikwambie kabla fundi hajaanza kazi."

Gwakisa hana kosa, siku fremu zile zilipohamia kwao hakuwa amezaliwa. Nikapanda bodaboda nikaenda. Nilimkuta fundi Athumani uani, mtu mzima mwenye kofia yake ya kufuma, ambaye babu yake alihamia Tukuyu kutoka pwani na mikono yake ya useremala tu. Alikuwa ameshatoa vioo, anangoja neno langu.

"Mama, bwana mdogo anasema wewe ndiye mwenye uamuzi. Niokoe fremu au niokoe ukuta?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa tu. Hizi mbao zimeingia ndani ya tofali, juu na chini, na humo katikati zimepigiwa misumari kabla ukuta haujapanda. Nikitaka ukuta ubaki salama, nakata fremu katikati kwa msumeno, navuta vipande, ukuta haujui hata kama kulikuwa na dirisha. Nikitaka fremu itoke nzima, lazima niule ukuta. Mtu anayeweka dirisha jipya huwa anakata fremu. Anayeula ukuta, huyo anahamisha mali."

Alisema hivyo bila kujua anamwambia nani. Nikasimama pale nimeshika mkoba wangu kifuani kama mtu aliyekuja kudai. Mimi shule niliishia darasa la nne, na mambo ya ujenzi sikufundishwa, lakini nilijiona mjinga kuliko siku zote. Kumbe siku ile fremu zilipotolewa kwetu, kwa pigo la kwanza tu la mtaimbo, mtu mzima yeyote angejua kinachofanyika. Mama alijua. Majirani walijua. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu.

"Kata," nikamwambia fundi Athumani. "Okoa ukuta wao."

Akaweka msumeno, akavuta mara ya kwanza, na ile harufu ikatoka. Gwakisa akaniuliza kama nitachukua hata kipande kimoja cha ukumbusho. Nikamwambia kuni za mninga zinaivisha maharage vizuri, awape watoto wake. Nikarudi kwangu Kawetele, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Ndiyo maana naandika. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye nyumba ambayo baba alikufa na mama akabaki, mtanielewa bila mimi kujieleza sana.

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai. Ile mbao aliipata kwa wenye malori waliokuwa wakitoka Chunya, akaileta nyumbani vipande viwili viwili, kila safari kwa mtu tofauti aliyekubali kumbebea. Fremu alizitengeneza mwenyewe uani. Nakumbuka maranda mekundu yakizunguka miguuni pake, na kuku wanayachakura wakidhani kuna kitu cha kula. Mama alikuwa anayazoa kuwashia moto, na chai ya asubuhi ilikuwa na harufu yake. Baba aliziweka madirishani kabla ukuta haujapanda, tofali zikajengwa kuzizunguka, kisha akaweka vioo akavishikiza kwa ule unga uliokandwa na mafuta. Nilikuwa naukwangua kwa kucha nikiunusa. Nilichapwa kwa sababu hiyo, na sikuacha.

Majirani zetu wote walikuwa na madirisha ya mbao, ukifunga ni giza. Sisi tulikuwa na vioo. Asubuhi za baridi nilikuwa nabandika mdomo kwenye kioo napuliza, naandika kwa kidole ile herufi moja niliyokuwa naijua. Kioo kimoja kilikuwa na kasoro, ukichungulia pale mlima Rungwe unajikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Nilikuwa nacheka peke yangu. Na Baba, hata hivyo, hakuridhika. Kila Jumapili akitoka kanisani alisimama katikati ya sebule akiyatazama madirisha yake akasema, "Niliyafanya membamba. Nitakuja kuyatoa haya yote niweke mapya, mapana, mlima wote uingie humu ndani."

Mama alimjibu, "Mlima uingie, na sisi tulale wapi?"

Hilo neno la kutoa na kuweka mapya nililishika. Mtoto akisikia ahadi kwa baba yake haiweki kwenye labda. Kwangu madirisha mapya yalikuwa yapo tayari, kilichobaki ni siku.

Baba aliumwa tumbo shambani, akapelekwa hospitali, akarudishwa ndani ya sanduku. Tulimzika ubavuni mwa nyumba, kwenye migomba, kama tunavyozikana huku kwetu, mtu halali mbali na mlango wake. Mimi nilikuwa bado sijang'oa meno yote ya utoto. Mdogo wangu Ipyana alikuwa anatambaa, na siku ya mazishi alitambaa mpaka kwenye udongo akajaza mkono mdomoni, wanawake wakamkimbilia.

Sasa niwataje. Watu wakifa tunawasafisha majina, lakini mimi nimechoka kusafisha. Walikuwa watatu. Baba mkubwa Asegelile, kaka yake Baba, aliyekuwa na nyumba inapanda pale Mpuguso bila dirisha hata moja. Baba mdogo Ambwene, aliyekuwa na wake wawili na hakuwatunza wote wawili. Na shangazi Enelesi, dada yao, aliyekuja msibani na kikapu kitupu akaondoka nacho kimejaa.

Matanga yalipokwisha walimwita Mama nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekaa karibu nampakata Ipyana, na wakubwa huwa wanasahau kwamba mtoto ana masikio. Asegelile alizungumza kwa upole sana. Alisema ukoo umekaa, umeona mjane ni mdogo, watoto ni wadogo, na Ambwene amekubali kubeba mzigo.

Mama akasema, "Ndaga, shemeji. Nashukuru. Lakini wanangu nitalea mwenyewe."

"Utalea mwenyewe, katika nyumba ya nani?"

"Ya baba yao."

"Sawa," akasema Asegelile, bado kwa upole. "Kaa. Hatukufukuzi, sisi ni Wakristo. Ila vya ndugu yetu ni vya ndugu yetu."

Mimi niliona wamepatana. Mama amesema atakaa, baba mkubwa amesema kaa. Nikafurahi hata nikamrusha Ipyana juu kidogo.

Baada ya hapo wakaja asubuhi moja na mtaimbo, nyundo, tindo, na vijana wa Mpuguso wa kubeba. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye chai. Waliposimamisha mtaimbo kwenye dirisha la sebule nikaelewa mara moja, tena moyo ulinipasuka kwa furaha. Baba alisema yatatolewa, na kaka yake amekuja kuyatoa. Mtu asiye na nia njema angekuja asubuhi hivi, na baridi hii, kufanya kazi ya marehemu?

Nikamkimbilia. "Shikamoo baba mkubwa! Mapya yako wapi?"

Alinitazama. Wenzake wakatazama chini. Yeye akatabasamu, akanishika kichwa. "Mapya yapo Mpuguso, mwanangu. Yanakuja."

Wizi wa fremu naweza kuupima. Uongo ule, kwa mtoto, akiwa ameweka mkono wake kichwani pangu, mpaka leo sijapata kipimo chake.

Walifanya kazi kwa uangalifu mkubwa na mimi nilisifu moyoni. Vioo walivitoa kimoja kimoja wakavifunga kwenye kitenge cha Mama. Fremu waliizunguka kwa tindo, wakatoa tofali moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayemenya parachichi asiumize nyama yake. Kila fremu ilipotoka nzima walishangilia, wakailaza juu ya blanketi la Baba. Ukuta ulibaki na mashimo yasiyo na umbo, makubwa kuliko dirisha lenyewe, tofali zimening'inia kama meno mabovu. Vumbi jekundu lilikuwa linatanda mpaka jikoni. Nilijiambia, si mapya ni mapana? Lazima watoboe zaidi.

Shangazi Enelesi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mama mlangoni, kazi yake ni kumlinda mwenye nyumba asitoe kitu. Mama alisimama uani na Ipyana mgongoni. Walipohamia chumba chetu ndipo akasogea.

"Shemeji Ambwene, acheni basi hilo la watoto."

Ambwene akajipangusa jasho, akawageukia vijana ili wasikie vizuri. "Ungekubali niingie kwa mlango, nisingetoka na dirisha."

Wakacheka wote. Enelesi alicheka mpaka kigoda kikayumba. Mimi nami nilicheka, maana watu wazima wakicheka pamoja mtoto huona ni sherehe.

Wakaondoka wamezibeba kichwani kwa msafara, na mtu aliyeingiza kichwa ndani ya fremu alionekana kama picha inayotembea. Niliwasindikiza mpaka barabarani nikawapungia. Kisha nikapitia kwa rafiki yangu Tusa kujitapa.

"Sisi tunawekewa madirisha mapya, mapana. Nyinyi bado mtakaa na mbao zenu."

Mama Tusa alikuwa anamenya magimbi ya moto. Akaacha. "Nani kakwambia, Sekela?"

"Baba mkubwa. Yapo Mpuguso."

Alijifunika mdomo kwa mkono. Kisha akanichagulia gimbi kubwa kuliko yote, akanipa na chumvi. Nikaona ametuonea wivu na sasa anajipendekeza. Nililila njiani kwa maringo.

Masika yakaingia. Aliyekulia Rungwe hahitaji kuelezwa mvua, lakini mvua ya kuangalia kupitia kioo si mvua ya kulala nayo. Mama alijaribu kupanga zile tofali zilizobomoka na tope, asubuhi tukazikuta zimelala chini, kwa kuwa tope halikauki mwezi ule. Akatundika mkeka, upepo ukauchukua. Akatundika magunia, yakanywa maji yakawa mazito, yakadondoka. Akashona maganda ya migomba kwa kamba, akayabandika kwa vijiti, na hayo ndiyo yaliyodumu dumu, ila yalikuwa yakipigwa na upepo yanalia kama mtu anayejikuna. Ukungu uliingia ndani ukatembea sebuleni kama mgeni aliyekaribishwa. Chumvi iligeuka maji kwenye kikopo. Kiberiti kilikataa. Nguo tulizivua mbichi tukazivaa mbichi. Tulihamia jikoni kulala wote watatu kuzunguka mafiga, na moshi ukatupa macho mekundu, watu njiani wakadhani bado tunamlilia Baba.

Na mimi nilikuwa sina shida. Huo ndio ukweli wa utoto wangu. Nilikuwa naungoja mzigo. Kila lori lililopanda kutoka upande wa Mpuguso likigugumia kwenye kona, nilitoka mbio nikipiga kelele, "Mama, hao! Hao wanakuja!" Mama alikuwa anasema, "Haya, kaangalie." Nilikuwa narudi na miguu imejaa matope, namwambia ni la kokoto, au ni la ndizi. Anasema, "Basi."

Babu, baba yake Mama, alituma mtu kutoka Masoko. Ujumbe ulikuwa mfupi: rudi nyumbani na wajukuu wangu. Nilitamani sana twende. Masoko kuna joto kidogo, kuna bibi, kuna ziwa la kutisha tulilokatazwa kulisogelea. Mama alimpa yule mtu uji, akamjibu, "Mwambie baba kwamba nikitoka tu, hawa wataingia. Hawakuzing'oa fremu kwa sababu ya fremu. Walitaka nione mwenyewe kwamba hapa hapakaliki. Mwambie naona, lakini nakaa. Sekela na Ipyana wana baba yao pale kwenye migomba, hawatakuwa watoto wa kuhamahama."

Hapo ndipo ilipokuwa vita yenyewe. Mama alikuwa anapigana kwa kukaa. Silaha yake ilikuwa kukaa tu.

Ipyana akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi kidogo cha kuchekesha, kama mbuzi. Nilikuwa namuigiza, anacheka, anakohoa tena. Halafu mbavu zake zikaanza kuingia ndani akivuta pumzi. Mama alimfunga mgongoni akatembea naye mpaka zahanati, mimi nyuma nimeshika mwavuli usio na vijiti viwili. Muuguzi alikuwa mama mwema. Alimpima, akampa dawa, akamvisha soksi zake mwenyewe.

"Kichomi hiki, mama. Mpe dawa usiache. Na umkinge na baridi. Ukifika nyumbani, funga madirisha yote."

Mama alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kile kabla wala baada. Muuguzi alimtazama kama anayetazama mwendawazimu, na mimi niliona aibu, nikamvuta khanga.

Njiani nilimwambia, "Mama, wakileta mapya tutayafunga yote, Ipyana atapona." Akasema, "Eh, mwanangu."

Ipyana hakufika mwisho wa dawa. Alikufa mchana, Mama amekaa naye jikoni, mimi nachambua maharage. Mama alisema tu, "Sekela, kamwite mama Tusa." Ndivyo nilivyojua, kwa namna alivyoikunja khanga.

Walikuja msibani wote watatu. Enelesi alianza kulia akiwa bado barabarani ili tumsikie. Asegelile alivaa koti la Baba. Kaburi lilichimbwa kando ya lile la Baba, dogo, karibu sana na ukuta, na waliochimba walikuwa wakiinua macho wanakutana na lile shimo la chumba chetu. Hakuna aliyelisema. Watu wetu ni wa adabu sana palipo na msiba, na adabu ile ndiyo iliyotuua.

Walipomaliza kufukia, watu wameketi, mimi nikamwona baba mkubwa amekaa kwenye benchi la wazee. Nikaenda mbele yake. Sikuwa na hasira, nilikuwa na haja.

"Shikamoo baba mkubwa. Madirisha umekuja nayo?"

Asegelile akakohoa. "Mtoto huyu amefundishwa maneno."

"Amefundishwa na nani?" Alikuwa mama Tusa, na chungu cha maji bado kiko mkononi. "Si wewe ulimwambia yapo Mpuguso? Mwenzio anakimbilia malori mvua yote hii. Mjibu basi! Mwambie umeyaweka wapi!"

"Mama, mama, tuko msibani," wakasema wazee.

"Najua tuko msibani. Swali ni nani ametuleta."

Ambwene akainuka kama anataka kumpiga, wanaume wakamkalisha. Mzee wa kanisa akasimama haraka akaomba, akamwomba Kyala atupe amani. Wote wakasema amina, na Asegelile alisema amina kwa sauti kuliko wengine. Kisha wakala, wakaenda. Mimi nilichapwa kofi na shangazi Enelesi nyuma ya jiko kwa kukosa adabu. Nikaamini nimekosa adabu, pengine ndiyo maana mzigo unachelewa.

Matanga ya Ipyana yalipokwisha, Babu alikuja mwenyewe kutoka Masoko na wajomba wawili. Safari hii Mama hakubisha. Alikunja godoro, akafunga vyombo kwenye shuka, akamkabidhi mama Tusa kuku. Mimi nilikuwa nimeshavaa, naruka ruka uani. Asegelile alikuwa ameshinda, na laiti ningekuwa na akili ningejua kwamba dakika ile nyumba ilikuwa yake. Wajomba walitangulia na godoro. Mama alijitwika furushi, akasema anakwenda kuaga migombani.

Manyunyu yakaanza. Alisimama pale kwa muda, furushi kichwani. Udongo wa kaburi la Ipyana ulikuwa bado mbichi, na maji yalikuwa yanautafuna pembeni, unashuka kidogo kidogo. Babu alimwita. Hakuitika. Babu akaenda, mimi nikamfuata.

"Twende mwanangu, mvua inakuja."

Mama akatua furushi. "Baba, nendeni."

"Unasema nini wewe?"

"Nimwache na nani?"

"Ana baba yake hapo ubavuni."

"Baba yake naye amelala. Nani atamfunika?"

Babu alikuwa mtu mkali, alishawahi kumchapa mjomba mwenye ndevu. Siku ile alivua kofia akasimama nayo mkononi mvua ikimpiga upara. Wajomba wakarudisha godoro. Mimi nilijitupa kwenye matope nikalia kwa kukosa safari.

Ndivyo Asegelile alivyoikosa nyumba. Walitoboa kuta ili Mama aondoke, na walichokipata kwa kutoboa ndicho kilichomfunga pale mpaka alipokufa akiwa mzee. Wangemwacha na madirisha yake na Ipyana mzima, labda angechoka, labda angerudi kwao mwenyewe. Nalijua hilo, na halinipi furaha hata kidogo. Nyumba hii ninayokaa leo nimeirithi kwa bei ya mdogo wangu. Nikifagia najuta. Watu wananisifia mama yangu alikuwa shujaa, nami nakubali kwa mdomo, lakini mara nyingi nimetamani asingekuwa shujaa, angekuwa mwoga tu, angetubeba siku ya kwanza tukaenda kulala kwa watu wenye kuta.

Asegelile alikufa kitandani, mzee, na mahubiri yalisema alikuwa nguzo. Enelesi alikuja kumzika Mama na akalia kuliko mimi. Ambwene yupo mpaka leo. Nikikutana naye sokoni ananiita mwanangu, ananiuliza watoto hawajambo. Namjibu hawajambo. Mnataka nifanye nini, nimsukume kwenye nyanya za watu?

Babu alirudi baada ya siku chache na bati kuukuu alizozitoa kwenye banda lake, azibe madirisha. Mama alichukua zile za kwanza, nzuri zaidi, akasimika miti minne migombani, akaliezekea kaburi la Ipyana.

Babu akashangaa. "Hizo ni za madirisha!"

"Sisi tuna moto," Mama akasema, akaendelea kugongomea.

Madirisha yakasubiri mpaka Babu alipoleta nyingine. Katikati ya hapo, siku moja mvua ya mchana ilikuja na upepo, ikang'oa yale maganda ya migomba, nyumba nzima ikawa maji. Mama alikuwa amekwenda kuchuma chai ya watu. Nilihama sebuleni, nikahama chumbani, nikahama jikoni ambako moto ulikuwa umezimwa na matone. Mwisho nikatoka nje, nikaenda kukaa chini ya zile bati za Ipyana. Palikuwa pakavu. Kwetu kote, hapo tu ndipo palipokuwa pakavu. Nikakunja miguu nisimkanyage.

Mama alinikuta hapo. Kikapu chake cha chai kilikuwa bado mgongoni. Nilidhani nitachapwa. Akainama, akaingia, akakaa kando yangu, magoti yake yakabaki nje yanalowa.

"Sekela," akasema. "Hayaji."

"Nini?"

"Madirisha. Hakuna mapya. Waliyatoa ili wakaweke kwao. Hayaji, mwanangu."

Nilisikiliza bati. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote zile.

"Humu ndani wewe peke yako ndiye uliyekuwa unangoja kitu kizuri," akasema. "Walikuwa wameshachukua vyote. Na hicho ningekuchukulia mimi?"

Aliivua khanga yake ya juu, akaikamua, akanifuta miguu. Mvua ilikuwa bado nyingi. Tukakaa pale watatu, Mama akiwa upande wa upepo.